Makazi ya Mdhamini

Jumanne, saa tisa alasiri, Twaiba alikuwa nyuma ya chumba alichopanga Ukunda, akianika mashuka ya watu, pale nyanya yake Mwanarusi alipoingia uani na kuuliza kama kuna maji ya kunawa miguu. Bi Mwanarusi alikuwa amekufa miaka tisa iliyopita. Alikuwa ametembea kutoka Gazi, kwa hivyo vumbi lilikuwa limempanda hadi magotini, na sanda alikuwa ameikunja na kuifunga kiunoni ili isiburuzike.

"Shikamoo, nyanya," alisema Twaiba.

"Marahaba. Mbona umekonda hivyo? Mimi niliyekufa nina nyama kukushinda wewe."

Twaiba akamletea ndoo na kigoda. Akangoja mpaka miguu yote miwili ikaoshwa, maana si adabu kumwuliza mgeni kilichomleta kabla hajatua.

"Nasikia unatafuta mdhamini," alisema Bi Mwanarusi.

"Nani amekwambia?"

"Sisi tuko chini, mwanangu. Maneno yote humwagika chini."

Ilikuwa kweli. Miaka kadhaa nyuma Twaiba alikuwa na biashara ya kufua mashuka na taulo za hoteli za Diani. Alikuwa na mashine nne, wanawake saba wa kupiga pasi, na gari moja la kubebea mizigo. Hoteli moja kubwa ikafunga milango kabla ya kumlipa malipo ya miezi kumi na minne. Benki iliyomkopesha pesa za mashine haikufunga milango. Mahakama ilimtangaza mufilisi kwa muda usiozidi dakika sita, na hakimu akakosea jina lake mara mbili. Mashine zikauzwa, gari likauzwa, na nyumba ya Msambweni, ambayo Bi Mwanarusi aliijenga kwa pesa za kuchoma chokaa na kumwachia yeye, ikauzwa mnadani. Mwaka uliofuata hoteli ile ikafunguliwa kwa jina jipya, na wenyewe wale wale. Twaiba alipita nje ya ua akazitambua taulo.

Miaka ya ufilisi ilipokwisha alipewa cheti cha kuonyesha kwamba sasa yu huru. Alikitia katika mfuko wa plastiki akakipeleka benki nne. Katika kila benki walikisoma, wakampongeza, wakamrudishia.

Aliyeinunua nyumba ile alikuwa Mwalimu Japheth, mtu mpole wa kutoka Kwale. Sasa alikuwa anastaafu, na upepo wa chumvi ulikuwa unamsumbua kifua, akataka kurudi mlimani kwao. Kabla ya kumwambia dalali yeyote alimpigia Twaiba simu. "Nyumba ni ya kwenu, binti. Nakupa hadi mwisho wa Agosti. Nikizidisha hapo, mke wangu ataniua."

Akiba ya Twaiba ilikuwa theluthi moja ya bei. Kwa sehemu iliyobaki palikuwa na mtu mmoja tu: Bwana Swabir, mkopeshaji binafsi, mwenye ofisi juu ya duka la vipuri vya magari hapo Ukunda. Bwana Swabir aliwakopesha watu waliokataliwa na benki. Alitaka nyumba yenyewe iwe rehani, na juu ya hiyo mdhamini mmoja asiye na doa. Twaiba alikwenda kwanza kwa ami yake wa ukoo, Amin, kule Gazi. Ami Amin alimkaribisha vizuri, akamchinjia kuku, na kuku alipokwisha akasema, "Mwanangu, ningekudhamini, wallahi. Lakini ufilisi ni kama kifua kikuu. Hata ukipona, watu hawanywi kikombe chako." Shoga yake Hannah alizima simu. Wengine hawakuzima, waliiacha tu ilie.

"Mimi nitakudhamini," alisema Bi Mwanarusi. Aliyatazama mashuka yaliyoanikwa, akalivuta moja lililopinda likanyooka. "Sina deni la mtu. Nimeulizwa huko niliko, na sikuonekana na deni hata la sindano."

Asubuhi yake wakaenda ofisini. Karani wa Bwana Swabir alikuwa msichana wa bara aliyeitwa Cynthia, mwenye kucha ndefu za rangi ya samawati. Aliinua macho, akamwona Twaiba na mwanamke wa sanda nyuma yake, akavuta kiti cha pili.

"Karibu, dada. Huyu ndiye guarantor wako? Poa. Marehemu wanakubalika. Tuko nao kumi na saba kwa system, na hakuna hata mmoja ametusumbua."

Bwana Swabir mwenyewe akatoka chumba cha ndani, ananukia uturi, tasbihi mkononi. Alimwamkia Bi Mwanarusi kwa kuinama, akamwita mama yangu.

"Kusema haki, ninawapenda zaidi hawa," alimwambia Twaiba. "Walio hai wana hila. Leo yuko Likoni, kesho yuko Dubai, keshokutwa kabadilisha laini ya simu. Marehemu ukimtaka unajua alipo."

"Na riba?" aliuliza Twaiba kwa sauti ndogo.

"Astaghfirullah, hatuli riba hapa. Kuna shukrani tu ya kila mwezi." Akamtajia shukrani. Ilikuwa kubwa kuliko riba ya benki yoyote. Twaiba akaikubali, kwa sababu benki zile nne hazikumpa hata riba ya kuikataa.

Kitambulisho cha Bi Mwanarusi kilikuwa kimerudishwa kwa chifu siku alipokufa, kwa hivyo Cynthia akaandika nambari ya kibali cha mazishi. Alimpiga picha kwa simu. Picha ilitoka safi, ila macho yalikuwa yamefumba, na Cynthia akasema haina shida, hata walio hai wengi hufumba. Kisha akauliza makazi ya kudumu ya mdhamini.

Hapo Bi Mwanarusi akakaa vizuri kwenye kiti. Kwa watu wa kwao, ardhi ya Gazi haikuwa na hati na haijawahi kuwa nayo. Mtu akiuliza hapa ni pa nani, mzee husimama akataja amelala nani na nani amelala ubavuni mwake, toka babu wa kwanza hadi mtoto wa mwisho. Hiyo ndiyo hati. Kuitaja nusu ni aibu, ni kama kusema nusu si yenu. Kwa hivyo Bi Mwanarusi akaitaja yote.

"Andika. Mimi niko kaburi la tatu kutoka kwenye mkunazi. Kulia kwangu yuko mume wangu, Matano. Kushoto kwangu ni wifi yangu, na hatusemezani. Miguuni petu wako mapacha waliokufa kwa surua. Upande wa mikoko ni babu mkubwa, ndiye mpaka. Upande wa barabara ni mamake Amin, naye ni mpaka. Toka kwake hadi kwenye kisima kikongwe, kote ni sisi."

Cynthia aliandika yote. Alichora na ramani ndogo, akamwonyesha, na Bi Mwanarusi akaisahihisha mahali pa kisima.

Mkataba ulikuwa wa kurasa kumi na mbili. Nane zilikuwa za mkopaji na nne za mdhamini. Twaiba alikuwa amesoma chuo, na alikwisha kuumwa na karatasi, akazisoma zile nane neno kwa neno huku kidole chake kikifuata mstari. Zile nne akamsogezea nyanya yake. Bi Mwanarusi hakujua kusoma. Twaiba alilijua hilo tangu utotoni, na alijua pia kwamba nyanya hakuwahi kulikiri mbele ya mgeni. Kumsomea kwa sauti pale, mbele ya msichana wa kucha za samawati, kungekuwa kumvua nguo. Bi Mwanarusi alifungua ukurasa wa kwanza, akautazama kwa muda wa heshima, akafungua wa pili, wa tatu, wa nne, akatikisa kichwa kama mtu aliyeridhika.

"Ni maneno ya haki," alisema, akatia kidole gumba kwenye wino. Alama ilitoka na mchanga kidogo. Cynthia akaupuliza.

Mwisho wa Agosti Mwalimu Japheth alimkabidhi Twaiba funguo, akamwachia na kuku wanne, maana Kwale palikuwa na vicheche. Twaiba alilala usiku wa kwanza sakafuni, katikati ya ukumbi, mikono ameitandaza.

Kila tarehe tano alilipa. Alifua mashuka ya nyumba za wageni kwa mkono, vidole vikachubuka, akalipa. Mwezi mmoja aliuza herini zake, zile pete ndogo za dhahabu alizotobolewa nazo akiwa mtoto, akalipa. Hakuchelewa hata siku moja. Na kila Ijumaa baada ya swala ya adhuhuri Bi Mwanarusi alikuja kumtembelea. Alikaa barazani, akapewa chai ya tangawizi ambayo hakuinywa, aliushika tu ule uvuguvugu wa kikombe. Alikosoa kuta.

"Nani alipaka hii? Hii si chokaa, hii ni maziwa ya mbuzi mgonjwa."

"Ni Mwalimu, nyanya. Ni rangi ya dukani."

"Mwalimu mzima hajui ukuta." Kisha akaugusa ule ukuta kwa kiganja, na kabla ya alasiri akaondoka kurudi kwake.

Mwezi wa nane wa kulipa, barua ikaja. Ililetwa na mtu wa pikipiki aliyeitwa Waziri, ambaye kazi yake kwa Bwana Swabir ilikuwa kukagua rehani. Twaiba aliisoma akiwa amesimama mlangoni. Aliisoma mara ya pili. Ndoo aliyokuwa ameishika ilimtoka, maji yakamwagika yakaingia ndani ya nyumba, naye hakuona. Barua ilisema kwamba siku ya Ijumaa, saa nane na robo mchana, mkaguzi alifika kwenye makazi ya kudumu ya mdhamini, akagonga jiwe la kichwani mara tatu kwa kuacha nafasi, na hakuitikiwa. Alirudi Ijumaa ya pili, ikawa vile vile. Kwa hivyo mdhamini amehesabiwa kuwa amehama bila idhini, na makazi yake, kwa mipaka aliyoitaja mwenyewe, yamechukuliwa. Wakaaji wote wanapewa siku kumi na nne.

Simu ikalia. Ilikuwa Ami Amin.

"Twaiba, kuna watu huku makaburini wanapiga vigingi. Mmoja amekipiga kifuani pa mama yangu. Nimemwuliza nani amekutuma, akanionyesha karatasi. Kuna jina lako."

Twaiba alikusanya risiti zake zote.

Walikwenda ofisini yeye na nyanya yake. Watu walikuwa kwenye foleni, wakampisha mkongwe. Cynthia alilifungua faili, akausoma ukurasa wa kumi na moja kwa sauti, polepole, bila ubaya wowote. Mdhamini ataishi katika makazi yake saa zote, usiku na mchana. Bi Mwanarusi alisikiliza akitazama mikono yake. Ilikuwa mara ya kwanza kwake kuyasikia maneno hayo.

"Lakini nimelipa," alisema Twaiba. "Kila mwezi. Risiti zote ninazo."

"Umelipa, alhamdulillahi," alisema Bwana Swabir, na kwa kweli uso wake ulikuwa na huzuni. "Wewe hatuna neno nawe. Wewe ni mfano. Neno letu ni kwa mdhamini."

"Nilikwenda kwa mjukuu wangu," alisema Bi Mwanarusi. "Nilikwenda kuitazama nyumba yangu. Nilikaa saa moja."

"Mama yangu, ungetuarifu tu. Kuna fomu."

Bi Mwanarusi alifungua mdomo. Huyu ndiye aliyewahi kumjibu mkoloni, akamjibu diwani, na siku ya kufa kwake akamjibu daktari. Akaufunga.

"Basi chukueni kaburi lake peke yake," alisema Twaiba. Mwenyewe alishangaa kuisikia sauti yake. "Wale wengine hawakuweka sahihi. Wale mapacha hawakuwa wamefikisha hata mwaka."

"Mipaka aliitaja mwenyewe. Nami kabla ya kukopesha nilipeleleza kwenye ofisi zote, nisidhulumu mtu. Ardhi ile haina karatasi yoyote." Akauweka mkono juu ya faili, kwa upole, kama mtu anayembembeleza paka. "Hii hapa ndiyo karatasi ya kwanza iliyowahi kupata."

Cynthia alimpa Twaiba tishu. Twaiba akaishika, hakujua ya nini.

Ami Amin alikwenda kushitaki. Kila alikokwenda aliulizwa hati, na kila alikoulizwa alijibu kwamba hati ni makaburi, njoni mtazame. Ilichukua wiki tatu kumpata afisa wa kuja kutazama. Lakini marehemu wa kwao walikuwa watu wa kutii amri, na siku ya kumi na nne, baada ya alfajiri, walikuwa wameinuka, wakakung'uta mchanga, wakaondoka. Afisa alipofika alikuta mashimo kumi na moja. Alichungulia moja, akachungulia la pili. Akaandika kwamba hakuona ushahidi wa kaburi lolote lenye mtu.

Walikuja Msambweni kwa miguu, kandokando ya barabara kubwa, kwa kufuatana na umri, babu mkubwa mbele na wifi yake Bi Mwanarusi akiwa amewabeba mapacha. Madereva walipunguza mwendo, kama wanavyopunguzia msiba wowote. Mwanamke mmoja wa kuuza maembe alijifunika uso kwa leso mpaka walipokwisha kupita, kisha akaendelea kupanga maembe yake.

Twaiba aliwakuta barazani aliporudi kutoka kufua. Aliwaamkia mmoja mmoja. Wengine hakuwahi kuwaona, ikabidi nyanya yake amjulishe. Chumba kikubwa kilichukuliwa na wanaume, cha nyuma wakapewa wanawake, na babu mkubwa, ambaye alikuwa mrefu, alilazwa ukumbini miguu ikitokeza mlangoni. Twaiba akahamia jikoni. Hawakula kitu, ila walipenda harufu ya vitunguu vikikaangwa, na yeye akawa anakaanga kitunguu kimoja kila jioni hata siku ambayo hana cha kukitia. Chumvi ya jasho la wafu ilianza kuonekana ukutani. Mapacha walilia saa za adhana tu.

Ami Amin aliacha kusema naye. Lakini siku ya tatu alimtuma mtu na mkeka mpya wa mama yake, na mto.

"Mimi ndiye niliyewatoa," alisema Bi Mwanarusi siku moja jikoni. Hakuwa anakosoa ukuta tena.

"Ni mimi, nyanya. Kurasa zile nne. Niliona haya kukusomea."

"Na mimi niliona haya kukuomba unisomee." Alitazama kitunguu kikibadilika rangi. "Watu wenye haya ni chakula kizuri, Twaiba."

Kule Gazi ukuta ulijengwa kuanzia penye mkunazi hadi kwenye kisima. Nyuma yake zikasimama nyumba nne nyeupe za wageni, na dimbwi la kuogelea likachimbwa kwa urahisi, maana udongo ulikuwa umekwisha kulainika.

Tarehe tano ikaja. Ukurasa wa kumi na mbili ulisema kwamba kuchukuliwa kwa makazi ya mdhamini hakupunguzi mkopo, na Twaiba, ambaye sasa alikuwa ameusoma, alipanga pesa zake akaenda kulipa. Asingelipa, nyumba ingekwenda, na watu kumi na mmoja pamoja nayo.

Foleni ilikuwa ndefu siku hiyo, ikishuka ngazi mpaka kwenye duka la vipuri. Karibu kila mtu alikuwa na marehemu wake. Mzee mmoja alikuja na kaka yake aliyekufa maji, na watu waliruka pale penye majimaji. Mbele ya Twaiba kabisa palikuwa na mwanamke wa makamo yake, Mduruma kwa namna ya kuongea, ameshika mfuko wa plastiki wenye cheti ambacho Twaiba alikijua kwa rangi. Alijijulisha kwa jina la Mbodze. Alikuwa na duka la vyakula vya mifugo Kinango, ukame ukaua ng'ombe wa wateja wake wote, na wateja wakamfilisi. Kwa mkono mwingine alimshika binti yake wa miaka sita au saba, aliyevaa gauni la kanisani lenye utepe, na soksi nyeupe zenye udongo mwekundu kwenye visigino.

"Ndugu zangu wote wamekataa," alisema Mbodze. "Ndiyo nikaja na huyu. Yeye hajawahi kunikatalia kitu."

"Una nyumba unayotaka kuirudisha?" aliuliza Twaiba.

"Ndiyo. Wadogo zake watatu wanalala kwa jirani."

Zamu yao ikafika. Cynthia alisimama ili amwone mtoto, akatabasamu kwa moyo wote, akamwambia gauni lake ni zuri. Kisha akachukua kalamu.

"Haya, mrembo. Hebu niambie, unakaa wapi?"

Twaiba akapiga hatua. Alimwinamia mtoto, karibu na sikio, akahisi baridi yake. "Usiseme pote, mwanangu," alisema. "Sema hapo ulipo tu. Kisha zile kurasa za nyuma, mama akusomee."

Bwana Swabir alitokeza kichwa mlangoni, akamtazama Twaiba bila hasira, kama mtu anayemtazama mwenye homa. Mbodze akageuka. Macho yake yalikuwa makavu, na alizungumza kwa adabu sana.

"Dada, tafadhali. Usiniharibie."

Twaiba akarudi nyuma kwenye nafasi yake. Mtoto alimtazama mama yake, na mama akamwashiria kwa kichwa. Basi akajinyoosha, akaweka mikono nyuma, akataja kijiji, akamtaja baba mwenye boma, akautaja mkorosho, akamtaja babu aliyelala upande wa mawio ya jua na shangazi aliyelala upande wa machweo. Alitaja vyote, kwa sauti safi, bila kusita hata mara moja, kama mtoto aliyefundishwa vizuri ili siku akipotea watu waweze kumrudisha kwao.

Cynthia aliandika. Alipomaliza alimpongeza, akamvutia kidau cha wino. Halafu akamwita anayefuata, na Twaiba akasogea, akalipa, akapewa risiti.